Kuleta miguu ya Steed katikati

Jumamosi, 6 Julai

Naanza kuandika leo ili nisije nikasahau nilipima nini na kwa nini. Pikipiki ni Honda Steed 400, Mjapani wa mtindo wa chopa: injini ya V ya sisi (cc) 398, mnyororo, breki ya disiki mbele na ya ngoma nyuma. Ilishukia Dar, ikaja Mtwara juu ya lori lililokuwa linafuata korosho. Nina mwaka na nusu nayo. Mimi naipenda, mgongo wangu hauipendi.

Kisa ni miguu. Kwenye Steed vikanyagio, yaani vyuma vya kuwekea miguu, viko mbele kabisa, jirani na rejeta, na dereva anakaa kama mzee kwenye kiti cha uvivu barazani. Kwenye lami ya kwenda Lindi ni raha mustarehe. Balaa ni mchanga wa upande wa Msimbati. Kwenye mchanga dereva husimama, magoti yakameza mtikisiko, pikipiki ikayumba chini yake inavyotaka. Miguu ikiwa mbele husimami. Ukijaribu unaning'inia kwenye usukani kama nguo kwenye kamba, na kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Mwezi uliopita nilianguka mara mbili kwa safari moja, mara ya pili mbele ya kina mama wauza ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa. Mmoja akauliza: "Baba, mbona unaendesha umelala?"

Basi nimeamua. Vikanyagio, liva ya gia na kanyagio la breki, vyote vije katikati, chini ya goti. Sharti ni moja: fremu haichomelewi wala haitobolewi. Kila kitu kifungwe kwenye matundu yaliyopo, nikichoka nirudishe vya kiwandani.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Mafundi hawapo, kwa hiyo leo ni kupima tu. Niliisimamisha wima kwa matofali chini ya fremu, nikaazima kreti mbili za soda kwa mama wa genge, nikakaa kwenye siti miguu ikiwa juu ya kreti. Mwanangu akawa anazisogeza nyuma kidogo kidogo, mimi nasimama nakaa, nasimama nakaa, mpaka jirani akauliza kama naenda jeshini, JKT. Kigezo kilikuwa niweze kunyanyuka bila kuvuta usukani. Mahali penyewe palipatikana sentimita 36 nyuma ya vikanyagio vya zamani na sentimita 4 juu yake. Nikabandika utepe wa karatasi kwenye fremu, nikachora msalaba.

Hapo hapo likazuka la pili. Siti ya Steed iko chini sana. Ukileta miguu katikati, magoti yanakunjika kama ya panzi. Mimi si mrefu, sentimita 171, na bado nilihisi. Mwenye miguu mirefu asiguse kazi hii kabla hajajua atainuaje siti. Langu nitalipeleka kwa fundi makochi, mwishoni.

Jumamosi, 13 Julai

Nimezunguka maduka ya spea kutwa. Vikanyagio vya mbele vya Boxer vipo tele na bei ni ya kutupa, ila havikunji, ni chuma kimoja kigumu. Ukilala kwenye kona kikanyagio kisichokunja kikigusa chini, kinainua gurudumu la nyuma, na wewe unaenda kuvuna usichopanda. Kinatakiwa kikunje juu na kuelekea nyuma, kisha springi ikirudishe chenyewe.

Nimevipata nisikotarajia. Uani kwa fundi mmoja Magomeni ya hapa Mtwara kuna Yamaha DT 125 iliyokuwa ya bwana shamba, imekufa siku nyingi, kuku wanatagia chini yake. Vikanyagio vyake ni vya porini: vipana, vina meno ya kushika soli, na springi ziko hai. Elfu kumi na tano, na chai nikanunua mimi.

Jumamosi, 20 Julai

Vibao. Kila upande unahitaji kibao cha chuma cha kubeba kikanyagio pamoja na egemeo la kanyagio lake. Matundu niliyo nayo ni mawili kila upande: bolti ya chini-nyuma inayoshika injini, na mabano ya kikanyagio cha abiria. Nilikata kadibodi kwanza. Kadibodi tatu upande wa kushoto, tano upande wa kulia, kwa sababu kulia ndiko zinakopita ekzozi zote mbili.

Kabla ya kuchomoa bolti ya injini nimeweka jeki na ubao chini ya injini. Usipofanya hivyo injini inashuka milimita chache tu, na bolti hairudi hata uiombee dua.

Kibao cha kwanza nilikikata kwenye bati nene la milimita 6. Nikakifunga, nikafunga kikanyagio, nikapanda juu yake kwa mguu mmoja. Nina kilo 78. Kikanyagio kilishuka, halafu kikarudi. Kurudi ni dalili njema, lakini kushuka kwenyewe sikukupenda, na mimi nimesimama tu, sijatua kutoka kwenye tuta. Nimehamia milimita 8, na nyuma ya kila kibao nitaweka kipande cha pembetatu kukaza kona.

Bolti: duka la kwanza walinipa za spana 17 zenye kichwa kitupu, hazina maandishi. Nikabana moja kwenye jiliwa, nikaizungushia spana ndefu, ikajipinda kama mshumaa. Nikatafuta zenye chapa ya 8.8 kichwani, alama ya chuma kigumu. Bei mara mbili, na kwenye kitu cha kusimamia sioni pa kujadili.

Jumamosi, 27 Julai

Kuanzia Jumanne sikufanya kitu, na kosa ni langu. Jumatatu tulikuwa tunachomelea, mimi na fundi welda. Nilihitaji kipande cha mrija kati ya kibao na fremu, nikaokota kipande cha bomba la maji. Bomba la maji limepakwa zinki. Elektrodi ilipogusa tu, ulitoka moshi mweupe kama pamba, na mdomoni ukabaki utamu wa ajabu, kama umelamba shilingi. Fundi akarudi nyuma, akaniambia, "Mjomba, hilo bomba usilivutie pumzi." Nilikuwa nimeshavuta. Saa tatu usiku nikatetemeka kama mwenye malaria, viungo vyote vinauma. Kesho yake mchana ikaisha kama haikuwepo. Mtaani wanasema dawa ni maziwa. Nilikunywa, siwezi kusema yalisaidia. Dawa yenyewe ni kusaga zinki yote kwa grainda kabla ya kuchomelea, au kutumia chuma cheusi.

La pili, tunapopiga nukta vibao vikiwa kwenye pikipiki, betri imechomolewa nyaya zote mbili, na klipu ya athi inashika kibao chenyewe, sentimita chache kutoka panapochomwa. Ukiishika mbali, umeme utatafuta njia yake kupitia beringi na waya, na hutajua umeunguza nini hadi siku ya mvua.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Familia imekwenda Ngongo, Lindi, kuona maonyesho, kwa basi, kwa sababu pikipiki haina miguu. Nimesikia maneno.

Jumamosi, 10 Agosti

Upande wa gia. Kiwandani, rodi ndefu inatoka kwenye liva mbele hadi kwenye mkono mdogo uliovaa meno ya shafti ya gia. Mimi naweka liva mpya karibu, rodi ya sentimita 14 tu. Kabla sijauchomoa ule mkono mdogo niliupiga nukta kwa panchi, nukta nyingine kwenye ncha ya shafti, ili nijue ulikaa jino lipi.

Egemeo la liva nilitaka kutumia bolti tupu ndani ya mrija. Mzee wa mashine ya kukereza akakataa kunihudumia mpaka anisomeshe. "Chuma juu ya chuma, mwanangu, ni miezi miwili, halafu utaniletea kelele." Akachonga bushi ya shaba, akaweka nipo (kichuchu cha kuingizia grisi), na kipimo chake cha uwazi kilikuwa karatasi ya sigara: ikipita inabana kidogo, basi. Mzee ana verniya, kile kipimo cha vitu vidogo, mezani kwake, imelala kwenye boksi lake. Liva imekaa bila kucheza hata chembe.

Nikafunga, nikaacha injini imezimwa, nikawa nazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Nyutro. Nikakanyaga chini kutafuta namba moja. Ikaingia namba mbili. Nikainua kwa kidole gumba cha mguu, ikarudi nyutro, nikainua tena, namba moja. Gia zimegeuka.

Nilikaa chini nikaitazama robo saa kabla sijaelewa. Kwenye mfumo wa kiwandani, mkono wa liva na mkono wa shafti vinaelekea upande mmoja, kwa hiyo vinazunguka pamoja. Mimi, kwa kukwepa stendi ya pembeni, niliuchomelea mkono wa liva ukielekea juu, na ule wa shafti unaelekea chini. Rodi moja, mikono imepeana migongo: huyu akienda kulia, yule anaenda kushoto. Dogo wa bodaboda aliyekuwa anatazama akasema niache hivyo hivyo, nitazoea, mbona kuna pikipiki gia zote zinakanyagwa mbele. Kweli, hata wa mashindano wapo wanaogeuza makusudi. Lakini mimi huazima pikipiki za watu, na sitaki siku ya kushtuka mguu wangu uchague namba isiyo yake.

Kuugeuza mkono wa shafti uelekee juu haiwezekani, kava la sproketi limeziba. Basi mkono wa liva ndio umekatwa ukageuzwa chini, na umepindwa nje sentimita moja kupisha stendi.

Jumapili, 11 Agosti

Gia sasa zinafuata mpangilio wake, lakini nzito. Nimeazima mzani wa ndoano kwa jamaa wa samaki feri, nikaufunga kwenye ncha ya liva, nikavuta hadi gia iingie. Mzani ulisoma kilo 7 na nusu. Mfumo wa zamani niliupima kabla ya kuuvua, kwa mzani huo huo: kilo 4.

Hesabu yake si ngumu. Liva ya kiwandani ilikuwa na sentimita 15 kutoka egemeo hadi kidoleni, na mkono wa sentimita 4: uwiano wa 3.75. Yangu niliifanya fupi ili ipendeze, sentimita 10, na mkono wa sentimita 5: uwiano wa 2. Nguvu yangu imepungua karibu nusu, mzani umesema kweli. Nimerefusha liva hadi 13 na kutoboa tundu jipya kwenye mkono, sentimita 3 na nusu kutoka egemeo. Uwiano 3.7, kilo 4 na kidogo.

Na pembe. Rodi na mkono vikutane kwa digrii 90 liva ikiwa imepumzika. Mara ya kwanza zilikuwa kama 60, na namba mbili kwenda tatu ilikuwa inaishia njiani, gia haiingii wala haitoki. Rodi ya kiwandani ina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, ukiizungusha inarefuka au inafupika bila kufungua kitu. Tapu ya uzi wa kushoto sikuipata, kwa hiyo yangu ina uzi wa kulia pande zote, na kurekebisha ni kuchomoa boljointi (kiungo cha ncha ya rodi) moja na kuizungusha. Usumbufu, ila unafanya mara moja.

Jumamosi, 24 Agosti

Breki. Hii imenila wiki mbili, na ndiyo niliyokuwa naidharau. Nilisema: kanyagio, rodi, ngoma, kwisha.

Jumapili iliyopita ilikuwa imefungwa, inashika vizuri, nafasi ya bure ya kanyagio sentimita 2 na nusu. Gurudumu likiwa hewani linazunguka huru. Kwa wasiwasi tu nikasema tuijaribu na uzito. Nikaishusha, nikawaita vijana wawili wa jirani wakae kwenye siti, halafu nikaisukuma. Haikwenda. Nikawaambia washuke, ikaenda. Wakapanda, ikagoma tena. Wakaanza kucheka, wakadhani ni mchezo.

Nilichora sakafuni kwa chaki. Ngoma iko kwenye gurudumu, gurudumu liko kwenye swingamu, ule uma wa nyuma, na swingamu inazunguka kwenye bolti yake kubwa nyuma ya injini. Kanyagio langu liko kwenye fremu. Pale rodi inaposhika kanyagio pakiwa sawa na bolti ya swingamu, gurudumu lipande lishuke, umbali wa rodi haubadiliki. Mimi nilipaweka sentimita 6 chini ya bolti hiyo. Siti ikibebeshwa, gurudumu linapanda, umbali kati ya kanyagio na ngoma unaongezeka, na rodi, kwa kuwa haivutiki, inavuta ngoma. Nikapima kwa rula: swingamu ya sentimita 45, gurudumu limepanda 5, rodi imekosa kama milimita 7. Milimita 7 kwenye mkono wa ngoma ni breki iliyoshika. Ningeingia nayo kwenye bonde lolote lenye mchanga, gurudumu la nyuma lingefunga peke yake, mimi nikilaumu mchanga.

Ningepaweka juu ya bolti, ingekuwa kinyume: ukibeba mzigo breki inalegea. Hiyo pia siitaki.

Mkono wa chini wa kanyagio umekatwa. Mpya unapanda badala ya kushuka, umepita nyuma ya ekzozi ya chini, na tundu la rodi liko sentimita moja tu kutoka usawa wa bolti ya swingamu. Lakini kwa kanyagio ambalo egemeo lake liko mbele ya unyayo, mkono ukielekea juu, ukikanyaga unasukuma nyuma badala ya kuvuta mbele. Kosa la gia lile lile, limevaa kanzu nyingine. Safari hii nililiona kwenye chaki kabla ya kuwasha mashine. Kwa hiyo kuna kipande cha kati chenye egemeo lake katikati: kanyagio linasukuma ncha yake moja nyuma, ncha ya pili inakuja mbele na kuvuta rodi ya ngoma. Bushi moja zaidi kwa mzee. Alicheka, akanipunguzia.

Vijana wawili pamoja na kiroba cha mahindi cha kilo 25. Gurudumu linasukumika.

Swichi ya taa ya breki: springi yake ilikuwa imevutika mno, taa ikawa inawaka muda wote. Kiungo kimoja cha waya kimemaliza.

Jumamosi, 7 Septemba

Joto. Kikanyagio cha kulia kimesimama sentimita 4 na nusu nje ya ekzozi, na kwa kuendesha ndani ya mji suruali ilianza kunuka pasi. Nimekata ngao kwenye sufuria chakavu la alumini, nikaifunga kwa klampu za rejeta, na kati yake na ekzozi nimeacha nafasi ya kidole hewa ipite. Sura yake ni ya sufuria, sitadanganya.

Fundi makochi amenyanyua siti sentimita 4 kwa sponji ngumu. Alitaka kuweka vifungo vya dhahabu kama vya sofa. Tumeelewana vikae viwili tu, kwa nyuma.

Vibao vimepakwa redioksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili na rangi nyeusi juu. Hewa ya bahari hapa haina simile. Kipande nilichokisahau nje bila rangi usiku mmoja kiliamka chekundu.

Jumamosi, 21 Septemba

Hadi Mikindani na kurudi. Mguu wa kushoto ulitafuta liva mbele mara nne, ukakanyaga hewa. Kurudi, mara moja tu. Kona ya kuingia mjini niliilalia, kikanyagio hakikugusa. Nilipofika nyumbani nilipitia bolti zote kwa spana, nikakuta nati moja ya boljointi ya gia imelegea robo mzunguko. Nimeweka nati zenye pete ya nailoni ndani, na kila moja nimeichora mstari wa rangi nyeupe unaovuka hadi kwenye kibao, nikiona mstari umekatika najua bila spana.

Jumamosi, 5 Oktoba

Msimbati. Mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka, njia nzima inanukia. Mchanga ulipoanza niliteremka hadi namba mbili, nikasimama. Usukani ukawa unacheza mikononi kama samaki na mimi nikauacha ucheze, meno ya kikanyagio cha bwana shamba yameng'ata soli, magoti yanafanya kazi ambayo mgongo uliifanya mwaka na nusu. Sikuanguka. Kuna sehemu niliyumba vibaya kwenye mfereji wa tairi za lori nikagusa breki ya nyuma nikiwa nimesimama, ikashika taratibu, ikaachia.

Yaliyobaki: ngao ya sufuria imepiga kelele njia nzima, inahitaji klampu ya tatu. Kanyagio la breki liko juu kidogo kwa mtu aliyesimama, nitalishusha kama sentimita moja. Stendi ya pembeni inagusa liva ya gia ukiifungua kwa haraka, nimeikwangua kwa tupa lakini bado. Vya kiwandani nimevipaka grisi, nikavifunga kwenye gunia la korosho, viko chini ya kitanda.